Maji ya Kijani ya Carama

Mathilde wa mtaa wa Mutakura haogopi mtu, anaogopa maji. Msimcheke. Kule Uvira, kabla hajavuka mpaka kuja Bujumbura, kipindupindu kilimchukulia kitinda mimba wake kati ya asubuhi na jioni, na tangu hapo hakuna tone lililoingia kinywani mwa mtu nyumbani kwake bila kupita motoni. Majirani wakamwita Mama Moto. Akacheka nao, akaongeza makaa.

Basi kiangazi hiki, mabomba yalipokauka na bidoni tupu za maji zikapigwa na jua kwenye foleni kutwa nzima, yeye hakulalamika kama wengine. Alikwenda zake Carama, kwenye bwawa la kumwagilia mboga. Maji yalikuwa kijani, na juu yake kumetanda utando mzito kama rangi ya mlango iliyomwagika. Akausukuma kwa mkono, akachota, akachuja kwa kitenge, akabandika sufuria.

Jirani yake Lubna, mzaliwa wa mji huuhuu na mdomo wake hauna breki, alimkuta akipuliza moto.

“Mama Chance! Maji ya ile bwawa? Wallahi, bata zangu zilikunywa kule, zote zikakufa. Achana nayo!”

“Bata zako zilikunywa mabichi, Mama Abdu. Mi nachemsha.”

“Iko na sumu!”

Aa, hapo aliharibu. Kwetu neno sumu halitajwi ovyo karibu na chungu cha mtu. Ni kama umemwita mchawi. Ndiyo maana anayempa mwenzake kinywaji huonja yeye kwanza, watu watulie roho. Mathilde akachota kikombe kwenye sufuria ya kwanza iliyokwisha kuchemka na kupoa, akakinywa chote huku amemkazia Lubna macho, kisha akakipindua.

“Sumu iko wapi?”

Lubna akaondoka amevimba. Mathilde naye akakijaza tena kikombe, akampa mjukuu wake Benite. Mtoto huyo ni wa Chance, bintiye Mathilde, aliyekuwa Uvira akiuza vitenge. Alipoondoka alisema tu, “Mama, mutoto wangu ni huyu mumoja.”

Mnataka kuniambia sikio la kufa halisikii dawa? Hapana bwana. Sikio la Mathilde lilikuwa limesikia dawa moja, likaishika kwa uchungu wa mzazi: chemsha. Tumbo lake mwenyewe lilikuwa likimsokota, akanyamaza nalo. Benite alipoanza kukataa chakula na kutapika, bibi yake akajilaumu kwamba moto ulikuwa mdogo. Akachochea mpaka maji yakapungua nusu, akamnywesha hayo. Maskini! Kadiri alivyoogopa ndivyo alivyochemsha, na kadiri alivyochemsha ndivyo alivyozidi kumbembeleza mtoto anywe.

Asubuhi moja macho ya Benite yakawa manjano. Mathilde akapiga yowe. Lubna alikuja mbio bila hata viatu, hakudai samahani, akambeba mtoto mgongoni wakakimbilia kituo cha afya.

Muuguzi, Consolate, alimtundikia mtoto maji ya mshipa, kisha akauliza wanakunywa nini. Lubna akaeleza bwawa, rangi yake na bata.

“Ule ukijani si majani, mama,” Consolate alimwambia Mathilde taratibu. “Ni vijidudu. Jua likiwaka, maji yakitulia, mbolea ya mashamba ikiingia, vinazaana sana. Vingine vinabeba sumu ndani yao. Ukivichemsha vinapasuka, sumu inabaki mu maji. Moto hauitoi. Mutu mukubwa anaweza kuivumilia kidogo, mutoto anaumizwa mbele ya wote. Tunapima damu, lakini ninahofia ni ile sumu.”

Mathilde akakaa sakafuni. “Ni mi. Mi mwenyewe nimemupa, na mukono huu.”

“Nyamaza, Mama Chance,” Lubna akasema, naye analia. “Mutu asiyemupenda mutoto hachomi makaa yake kwa ajili ya maji.”

“Atapona?” Mathilde akamuuliza muuguzi.

“Ini imeguswa. Tungoje.”

Wakangoja, mmoja na rozari yake, mwingine na tasbihi yake. Kesho yake mchana kutapika kukakoma. Benite akafumbua macho.

“Bibi, nina kiu.”

Juu ya meza kulikuwa na chupa ya maji safi ya dukani, haijafunguliwa. Mathilde aliiangalia tu. Mikono yake ilikataa kabisa kuinuka.

“Mupe we, Mama Abdu,” akanong'ona. “Mi apana. Siwezi tena.”

Lubna akafungua chupa, akamsogezea mtoto. Benite akageuza uso ukutani.

“Anipe Bibi.”

“Kunywa, mwanangu, ni maji mazuri.”

“Apana. Anipe Bibi.”

Mathilde akainuka. Akaipokea chupa kwa mikono miwili, akakaa kitandani, akamwegemeza mtoto kifuani. Benite akanywa huku amefumba macho, wala hakuuliza ni maji ya wapi.