Mama Kufuli: Hamfungulii mtu akaunti kwa simu, hata wifi yake

Saa mbili na nusu asubuhi, simu ya mezani inaita katika chumba cha seva cha hospitali. Mwanamke aliyeketi hapo haipokei mara moja. Kwanza anatazama skrini: akaunti ya mfamasia imejifunga tena, mara ya tatu wiki hii.

"Nifungulie, wifi, wagonjwa wamejaa dirishani," sauti inamsihi anapoinua simu.

"Panda juu na kitambulisho chako."

"Sauti yangu huijui?"

"Sauti naijua. Anayeitoa simwoni."

Wenzake wanamwita Mama Kufuli. Mtu akikosea neno la siri mara tano, seva humfungia, na kazi ya mama huyu ni kumfungulia baada ya kujua nani alikuwa akijaribu. Kwa siku hufungua akaunti kama thelathini, na kila moja huitilia shaka. Mwenyewe hakatai kwamba amezidi.

Lakini mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Miaka miwili iliyopita alipigiwa na mtu aliyejiita daktari, mpole, mwenye haraka. Akamfungulia, kumbe ni tapeli. Kufika jioni, ugonjwa wa mama mmoja ulikuwa ukisimuliwa mtaa mzima.

"Yule mama alihama," anasema, machozi yakimlengalenga. "Mimi nikapewa barua ya onyo. Ya pili itakuwa ya kufukuzwa."

Mfamasia, dada wa mumewe, anaingia akitweta, uso umemvimba kwa hasira. Kitambulisho anakitupa mezani. Mama Kufuli anakikagua mbele na nyuma, utadhani hawajawahi kula sahani moja.

Kumbukumbu za seva zinaonyesha kuwa majaribio yote yametoka kwenye kompyuta ya stoo ya zamani ya dawa, ambako siku hizi hafanyi kazi mtu.

"Ufunguo wa stoo anao nani?"

"Si mimi tu. Tuko wanne. Utatushuku wote?"

"Wote."

Wanashuka pamoja. Chini ya kitambaa cha vumbi wanaikuta kompyuta inawaka. Mfamasia anakumbuka: aliiacha wazi Ijumaa, alipoingia kutafuta orodha ya dawa za zamani. Jumatatu akabadilisha neno la siri kwenye kompyuta nyingine, na hii ikawa inajaribu lile la zamani yenyewe, bila kuchoka.

"Mwizi wako huyo!" Mfamasia anacheka hadi anashika ukuta. "Haya, niombe radhi."

Mama Kufuli hacheki. Kwenye skrini yamejipanga majina ya wagonjwa na dawa wanazotumia. Yeyote mwenye ufunguo angeweza kuyasoma siku zote hizo.

"Andika mashine imekosea," wifi yake anasema, safari hii kwa sauti ya chini. "Nakuomba."

Katika daftari la matukio anaandika jina la aliyeiacha wazi, tarehe na saa. Kisha anamfungulia akaunti, na mfamasia anaondoka bila kuaga.

Mama Kufuli ameshauomba uongozi mara mbili umpe mwenzake wa kusaidiana naye, na hajajibiwa. Leo anaandika ombi la tatu.

"Nikimpata," anasema, "akaunti za ndugu zangu atazichunguza yeye. Mimi nibaki kuwa wifi tu."