Chupa ya Mzee Elkanah

Kule Rangwe, ng'ombe akivimba tumbo watu hawakuita daktari, walimwita Elkanah. Alikuja na chupa ya soda yenye mafuta ya kupikia, akamshika ng'ombe pua, akainua kichwa, akamimina. Hewa ikatoka, mwenye ng'ombe akacheka. Miaka thelathini hivyo. Ng'ombe wake mwenyewe sita waliuzwa mkewe alipougua, na mke naye akafariki.

Ndipo akaja Rongo kwa dada yake, na wanafunzi wa chuo wakamwajiri achunge farasi.

Usicheke. Walikuwa na klabu ya farasi, watu kumi na wanane na farasi mmoja, mzee aliyestaafu mbio za Nairobi, jina lake Kapteni. Mwenyekiti alikuwa Adhiambo, msichana wa Mfangano, kisiwa ambacho watu wake wanajua dagaa wa omena kuliko kwato. Mimi nauza chai na mandazi kando ya uwanja wao, kwa hivyo niliona yote, hata yale sikutaka.

Siku ya kwanza Elkanah alikaa saa nzima akimtazama Kapteni mdomo.

"Hacheui huyu."

"Farasi hawacheui, Jaduong'," Adhiambo akamwambia, akimwita mzee kwa Kijaluo.

"Na kwato hazikupasuka. Basi usiogope, nyathina, mtoto wangu. Mimi ni Msabato. Hata nife njaa, huyu siwezi kumla."

Wanafunzi walicheka mpaka mmoja akamwaga chai yangu, na hakulipa.

Miezi miwili haikuisha, Kapteni alikuwa anamfuata mzee bila kamba. Elkanah alimpiga brashi akimwimbia nyimbo za kanisa. Nilimwuliza kama anataka kumbatiza. Akasema, "Tangu mke wangu aende, huyu ndiye wa kwanza kunisikiliza mpaka mwisho." Nikampa mandazi, na siku hiyo sikudai pesa.

Chuo kilipofungwa, Adhiambo alimwandikia namba yake kwenye kadibodi. "Akiugua nipigie. Usimpe kitu chochote." Mzee akakubali.

Sabato ya pili ya likizo, Elkanah akiwa kanisani, Kapteni alikata kamba akala mahindi ya jirani yaliyoanikwa. Mchana tulimkuta analala, anainuka, anageuka kuangalia ubavu wake. Tumbo kama ngoma.

Elkanah akapiga simu. Mteja hapatikani. Akapiga tena. Kule kisiwani kwao Adhiambo netiweki huja ikipenda. Farasi akatoa sauti ambayo sijawahi kusikia kwa mnyama.

"Mama Frankline, leta mafuta," akaniambia.

"Si uliambiwa usimpe kitu?"

"Wewe umewahi kuponya nini? Leta!"

Nikaleta mafuta yangu ya mandazi, chupa nzima. Akapiga magoti na suti yake ya kanisa, akainua kile kichwa kirefu, akamimina vile alivyomimina miaka yote. Kapteni akakohoa. Mafuta yakatoka puani.

Jioni tumbo lilishuka, tukamshukuru Mungu. Lakini kikohozi kilibaki. Siku ya tatu ndipo tukapata daktari wa mifugo. Akamsikiliza kifua, akauliza nani alimnywesha kwa chupa.

"Ni mimi," Elkanah akasema.

"Mafuta yameingia mapafuni. Farasi si ng'ombe, mzee."

Siku ya tano Kapteni akafa, kichwa kwenye mapaja ya Elkanah.

Nilimwambia aseme ni mahindi. Nani angejua? Akakataa. Chuo kilipofunguliwa alimngoja Adhiambo getini, kofia mkononi.

"Nimemuua mimi. Kwa mkono huu."

Adhiambo hakumfokea. Afadhali angefoka. Alisema tu, "Nilikuambia, Jaduong'," akaenda kusimama mbele ya ule udongo wa kaburi la Kapteni nyuma ya uwanja.

Mzee akarudi Rangwe. Desemba nikaenda kumsalimia na mkate. Tulikuwa tumekaa nje, jirani yake Willis akaja mbio.

"Jaduong', haraka! Ng'ombe wangu amevimba!"

Elkanah akaweka mikono nyuma. "Ita daktari."

"Daktari yuko Homa Bay! Atafika saa ngapi?"

"Mzee, inuka!" nikamfokea. "Huyo ni ng'ombe! Huyo anacheua!"

"Najua."

Hakuinuka. Willis akatukana, akaenda kumimina mwenyewe, na hajui hata kushika pua. Tukasikia ng'ombe akikohoa ng'ambo ya ua. Elkanah akatoa mikono nyuma, akaziba masikio.