Lenzi Isiyosema na Ufa wa Wodini

Vidole halikuwa jina lake, bali ndilo lililomganda. Alikuwa mpiga picha wa hospitali, mtu wa vitambulisho, mashine zilizoharibika na paa zinazovuja, na kabla ya kila picha ya maana alipiga kwanza picha ya mkono wake wa kushoto. Wauguzi walimcheka mpaka wakachoka. Mzee anajipenda huyu, walisema.

Sababu ilikuwa lenzi. Ilikuwa ya marehemu baba yake, chuma kitupu, ya enzi za filamu, naye aliifunga kwenye kamera ya kisasa kwa pete ya kuunganishia. Picha zilitoka safi, lakini lenzi na kamera hazikuwa na namna ya kupashana habari. Ukifungua taarifa za picha kwenye kompyuta ulikuta tarehe, saa, kasi, kila kitu. Penye ukubwa wa tundu la lenzi, sifuri. Basi akajitungia dawa yake ya kuweka kumbukumbu. Tundu likiwa wazi kabisa, alipiga picha ya ngumi. Akilibana hatua moja, kidole kimoja. Mpaka vitano, tundu dogo kuliko yote.

Kwa miezi mitatu alikuwa akipiga picha za ufa. Ulikuwa kwenye ukuta wa wodi ya wazazi, upande wa nje, na kila Jumatatu aliweka rula pembeni yake akapiga. Upande wa pili wa ukuta huo, tangu wiki iliyopita, alilazwa binti yake, mjamzito wa miezi minane, aliyekatazwa na daktari hata kushuka kitandani. Vidole alimwomba sista mkuu amhamishe. Sista akamwonyesha vitanda vilivyobanana na kumwuliza, mzee, nimweke wapi, kichwani kwangu?

Jumatatu ile ufa ulikuwa umeongezeka milimita mbili. Vidole akazipanga picha zote mbio mbio azitume kwa injinia wa majengo. Katika haraka hiyo akazifuta picha za vidole, za miezi yote mitatu. Msomi wa watu, alijiambia, ataniona kichaa.

Jumatano asubuhi injinia alimwita ofisini. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na picha za ufa zilijaa kwenye skrini yake.

"Mzee, hapa pa tundu mbona pote sifuri?"

"Lenzi ya zamani, injinia. Haiambii kamera kitu."

"Na namba za picha zinaruka. Arobaini na mbili ipo, arobaini na tatu haipo, arobaini na nne ipo. Nyingine ziko wapi?"

"Nilizifuta. Zilikuwa za mkono wangu."

Injinia akavua miwani. Vidole mwenyewe alisikia jinsi jibu lile lilivyokaa kipuuzi.

"Tundu likiwa wazi sana, kingo zinafifia, ufa mwembamba unaonekana mpana. Hilo unalijua kuliko mimi," injinia alisema. "Sasa nitajuaje kama ni ufa uliokua au ni lenzi yako? Nikitoa wagonjwa arobaini vitandani kwa picha za namna hii, mimi ndiye nitakayeulizwa."

Vidole aliogopa kuitwa mwongo, tusimsingizie ushujaa, lakini hofu hiyo ilikuwa kama mbu tu mbele ya hofu ya ukuta.

"Twende pale pale," alisema. "Pete ya kubania tundu uizungushe mwenyewe, kwa mkono wako."

Walikwenda. Vidole alisimamisha kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, akabandika rula. Injinia alizungusha pete, tik, na kila hatua Vidole akapiga mkono wake, kisha ufa. Kupitia dirishani alimsikia binti yake akicheka na jirani wa kitanda cha pili, na kila kicheko kilimkata maini.

Injinia aliinama kwenye skrini ya kamera, akazikuza picha moja moja. Ya ngumi ilikuwa na kingo za ukungu. Ya vidole vitano ilikuwa kali kama wembe. Akahesabu mistari ya rula, akarudia kuhesabu. Picha ya Jumatatu ilisema milimita tisa. Hii, kwa tundu dogo kuliko yote, ilisema kumi na moja. Akaweka kiganja ukutani, akakiondoa upesi.

"Nisamehe, mzee. Ulikuwa sahihi," alisema kwa sauti ya chini. "Watoke wote. Sasa hivi."

Kumbe mpaka dakika ile Vidole alikuwa amekumbatia tumaini moja, kwamba huenda amekosea, kwamba ni lenzi ya baba tu inayomdanganya. Sasa hakuwa na pa kujificha. Akakimbia kuzunguka jengo, mzee mzima, akaingia wodini, akashika kitanda cha binti yake na kukisukuma kuelekea mlangoni huku sista akishika upande wa pili.

"Baba, tunakwenda wapi?"

"Nje. Nataka nikupige picha kwenye mwanga."

Binti alimtazama mikononi.

"Mbona huna kamera?"

Kamera ilikuwa bado imesimama peke yake chini ya ukuta. Vidole hakugeuka kuitazama, aliendelea kusukuma.