Kinda Mweupe wa Bushiri

Kwenye karakana za mtaa wa Gerezani Bushiri anajulikana kwa kuziba rejeta za magari zinazovuja, lakini nyumbani kwake Ilala anajulikana kwa njiwa. Ni weusi tii, na ukimkuta ana nafasi atakueleza ukoo wao mpaka utafute sababu ya kuondoka. Njiwa hutaga mayai mawili, mara nyingi hutoka dume na jike, na Bushiri huwaacha pacha haohao waoane. Damu ya nje haitaki. Hiyo ndiyo mbegu safi, husema, tena kwa kiburi.

Mwaka jana jozi yake bora iliangua kinda mmoja mweupe pe.

Pale nyumbani aliyefuga njiwa weupe alikuwa mmoja tu, Abdulmalik, mpangaji wa chumba cha pili, mshonaji wa viti vya magari, aliyemzidi Bushiri miaka kama kumi. Bushiri alimngojea asubuhi, wapangaji wakiwa kwenye foleni ya bomba, akamwita mwizi wa mayai mbele yao wote.

"Umenibadilishia yai, kaka. Umeniharibia mbegu."

Abdulmalik aliapa kwamba hajagusa banda la mtu. Bushiri akacheka, na watu wakacheka naye. Kisha akamchinja yule kinda.

Siku ya tatu Abdulmalik alikamata njiwa wake wote kumi na wanne, akawapeleka kwa wauza kuku Kariakoo, asije akasemwa tena. Mwezi ulipoisha akahamia Buguruni. Bushiri alijiona mshindi.

Miezi miwili iliyopita jozi ileile iliangua mweupe mwingine, na uani hakukuwa na njiwa mweupe hata wa dawa. Bushiri alichungulia kiota mara mbili. Akamwita Fortunata, mwalimu wa baiolojia, ambaye sasa anakaa chumba kilekile cha pili.

"Kila kinda anapokea jeni mbili za rangi hii, moja kwa baba, moja kwa mama," alisema Fortunata, amechuchumaa mbele ya banda. "Jeni ya weusi inatawala. Ikiwepo hata moja, njiwa anakuwa mweusi. Ya weupe inajificha, mpaka zikutane mbili. Hawa wazazi wote wawili ni wabebaji. Kwa macho weusi, ndani wana weupe."

"Wameutoa wapi, mwalimu?"

"Kwa mzazi wao. Si ni pacha hawa? Ukiozesha ndugu kwa ndugu, kilichofichika kinapata mwenzake kirahisi."

Kumbe mbegu aliyojivunia ndiyo iliyomleta kinda yule. Bushiri aliona aibu mpaka chakula kikamshinda.

Kinda alipoota manyoya, Bushiri alimtia kwenye kikapu akaenda Buguruni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Alieleza yote, jeni na wabebaji, akichanganya maneno. "Nilikudhulumu, kaka. Nisamehe."

Abdulmalik aliingiza kidole kikapuni, kinda akamdonoa, naye mwenyewe akatabasamu kidogo. Ilionekana wazi kwamba anamtaka.

"Wale wa kwenye bomba umeshawaambia?"

Bushiri alitikisa kichwa.

"Ulinivunjia heshima mbele ya nyumba nzima, mdogo wangu. Msamaha unakuja kuniomba tukiwa wawili." Alimrudishia kikapu. "Mimi nimekusamehe. Ila huyu sitampokea mpaka pale uani wajue."

Asubuhi iliyofuata Bushiri alisimama palepale penye bomba, kikapu mkononi. Ndoo zilikuwa nyingi kuliko siku ile.

"Jamani, mwaka jana nilimwita kaka Abdulmalik mwizi," alisema. "Hakuiba kitu. Weupe ulikuwa kwa njiwa wangu mwenyewe, na mimi ndiye niliyewaozesha ndugu."

Mtu mmoja nyuma ya foleni aliangua kicheko, na wengine wakamfuata. Bushiri aliwaacha wacheke mpaka walipomaliza, ndipo akaondoka kwenda Buguruni.