Mzee wa Ukuta wa Kanisa

Mzee anayelala kando ya ukuta wa kanisa letu, hapa Addis Ababa, hali chakula cha msiba kabla ya kuuliza jina la marehemu. Huushika mkate kwa vidole vilivyopinda, huubusu, kisha hungoja. Tangu mazishi ya kaka yangu nilimkwepa, nikipita lango la nyuma. Niliogopa kwamba nikilitaja jina la kaka, atakuwa amekufa kweli. Lakini leo ni arobaini yake, na maskini asipolishwa, nani atamwombea marehemu? Nikampa mkate.

“Wa nani, mwanangu?”

Nikaangalia lango la nyuma.

“Sasa nimwombee nani, aliyeuoka?”

“Zerihun,” nikasema.

Akavua kofia, akalirudia jina hilo polepole mara tatu, ndipo akala.