Kifua cha Mabati

Shule nilifika darasa la pili nikaona inatosha. Lori langu nililipata kwa kahawa ya Itaka, si kwa cheti. Kwa hiyo nikisema najua nyota zinavyopimwa, usicheke kabla sijamaliza.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa naposa Isongole. Baba wa binti alinisikia nikikohoa, akamwambia mshenga wangu, ambaye ni mjomba: "Kifua hicho sikiamini. Leteni picha ya hospitali." Bila picha, hakuna mke.

Hospitali ya misheni nilimkuta mtaalamu wa nyota kutoka Dar es Salaam, ameazima mashine ya eksirei. Mgonjwa hana. Kapanga vipande vya alumini, shaba na chuma, anavipiga picha.

"Vinaumwa nini?" nikamuuliza.

"Haviumwi, ndugu. Kila kitu kina namna yake ya kumeza miale. Nikijua chuma kinameza kiasi gani, napiga hesabu. Nyota nazo hutoa miale kama hii ya eksirei; ikija imepungua, hesabu inaniambia njiani imepita kwenye nini."

"Hiyo ya nyota unaiona hapa?"

"Hapa haifiki, hewa inaimeza yote. Wenzetu wanapeleka vipimo juu kwa roketi."

Nikasema moyoni, huyu hajawahi kulima. Nikapigwa picha yangu, nikachukua bahasha mezani, nikamwambia naiwahisha ukweni Isongole, nikaondoka mbio.

Ukweni mposaji hasemi, husemewa. Mjomba akaitoa picha, wazee wakaielekeza juani. Nikaona vipande vimepangana kama ngazi, kutoka cheusi hadi cheupe. Bahasha ya mtaalamu! Nikamkanyaga mjomba mguu. Akadhani namhimiza.

"Mnaona kifua kilivyopangwa?" akasema. "Hakuna kilicholegea."

"Mbavu ziko wapi?" akauliza baba wa binti.

"Ziko nyuma ya hayo mabati."

Hapo mtaalamu akaingia na baiskeli ya hospitali, anahema. "Jamani, chuma changu!" Akawaeleza: penye weupe miale imekwama kwenye chuma, penye weusi alumini imeipitisha. Kisha akatoa picha yangu.

Baba wa binti akazilinganisha kwa muda mrefu.

"Hii ina mbavu tu. Hata mbuzi anazo."

"Lakini haina ugonjwa, mzee," mtaalamu akasema.

"Basi binti mchukueni. Ila ile ya chuma inabaki."

Mtaalamu alilalamika mpaka akachoka, akarudi hospitali kupiga nyingine. Ile ya kwanza ilining'inia dirishani ukweni miaka yote, na kila mgeni alioneshwa kifua cha mkwe.