Tela la Bwana Harusi

Kaka yangu alitaka kumwoa binti wa mzee mmoja wa Kigombe, akamwambia mzee kwamba ana gari. Hakusema uongo. Kiwandani kwao, alikokuwa fundi, walimwachia kigari cha betri kilichochoka kubeba marobota ya katani. Akakifungia kiti cha kinyozi, akakipaka rangi ya kijani, basi.

Mzee akasema, "Vizuri. Siku ya nikaha binti yangu hatoki hapa kwa miguu. Usipokuja na gari, humpati."

Tabu ni kwamba tukitoka nyumbani, betri zilitufikisha Usagara tu, Kigombe bado mbali, zikakata roho. Mimi ndiyo kwanza nimetoka sekondari, fizikia bado ya moto kichwani. Nikasema tutengeneze tela, tupakie injini ya pampu ya maji, injini izungushe dainamo, dainamo itie chaji huku tunakwenda. Kaka alitaka tufikiri kwanza. Nikamwambia tutafikiri njiani.

Shangazi akalizunguka tela mikono nyuma.

"Hii injini ina nguvu?"

"Sana, shangazi."

"Basi si ivute gari yenyewe?"

"Shangazi, hili ni gari la umeme."

"Nimesikia. Nauliza, si ivute?"

Nikamweleza kuanzia mwanzo, na mchoro nikamchorea mchangani. Alisikiliza mpaka mwisho. "Haya, mwanangu. Mimi nitapanda basi."

Siku ya harusi tukaondoka asubuhi. Kwa namna lile tela lilivyokuwa zito, gari lilikula umeme mwingi kuliko tela lilivyozaa. Ikabidi tusimame kila mara kungoja chaji, gari kimya, injini inapiga kelele kama imeonewa. Bwana mmoja wa baiskeli alitupita akipeleka nazi mjini, akatukuta tena akirudi. "Bado mpo?" akauliza. "Si muifanye hiyo ya nyuma ndiyo iwe ya mbele?" Hakuwa na fizikia.

Na injini hatukuthubutu kuizima. Kamba ya kuiwashia ilishakatika. Ikizimika, ndiyo basi.

Vijana wa dufu waliokuja kutupokea ndio waliotusukuma hadi mlangoni. Dufu lenyewe halikusikika. Mzee akatoka.

"Shikamoo, baba!" kaka akapaza sauti.

"Marahaba. Gari liko wapi?"

"Hili la mbele."

"Na linalonguruma?"

"Hilo tela."

Mzee akatazama huku na huku. "Sasa mbona linalonguruma haliendi, na linalokwenda linasukumwa?"

Tukaketi barazani. Mwalimu wa chuo cha Kurani akamshika kaka mkono, akasoma, akamwoza, akangoja jibu. Kaka akajibu, injini ikaimeza sauti yake. Shahidi mmoja akatega sikio.

"Kasema nini?"

"Kasema hakubali!" shahidi wa pili akapiga ukelele.

Mzee akasimama. Habari ikaingia ndani kwa wanawake, kilio kikaanza. Kaka akanitazama mimi, akalitazama tela. Akizima, bibi harusi hana gari. Asipozima, hana bibi harusi. Akaruka, akang'oa waya wa plagi kwa mkono mtupu. Umeme ukamtupa mchangani, na katika ukimya ule akapaza sauti, "Nimekubali!" Kigombe nzima ikasikia.

"Hayo hayahesabiki," mwalimu akasema. "Sijakuuliza."

Akarudi, akaulizwa tena, akajibu meno yakigongana. Mashahidi wakaridhika.

Bibi harusi alipotolewa, mzee akajiweka kando ya gari, mikono kifuani. Sikuwa na la kufanya, nikalifungua tela ili watu wapate wepesi wa kusukuma. Kaka akampandisha mkewe kwenye kiti cha kinyozi, akagusa swichi. Lo! Betri zilikuwa zimekula chaji muda wote injini iliponguruma pale mlangoni, na sasa hakuna mzigo nyuma. Gari likaondoka taratibu, bila hata mlio. Vijana wa dufu waliendelea kulipigia dufu tela, na gari lilipokata kona ya minazi ndipo mtu akauliza maharusi wako wapi.

Shangazi, aliyefika mapema kwa basi, akajifunga buibui. "Nitawakuta njiani na basi," akasema. "Hawatakuwa mbali."

Nikabaki mimi na tela. Mzee akaja, akaipapasa ile injini.

"Ina nguvu hii?"

"Sana, baba."

Akafikiri kidogo. "Basi si ingevu—"

"Ndiyo," nikasema. "Ingevuta."